Kabla mzee hajawekewa stenti, uliza presha ndani ya mshipa

Wazazi wengi wa Tunduma na Vwawa wana malezi ya pande mbili. Huku kuna ada na sare za watoto, kule kuna baba au mama mwenye presha aliyebaki kijijini Ileje, Momba au Mbozi. Siku mzee akibanwa kifua na daktari akasema mshipa wa moyo umeziba, kikao cha familia hukaa haraka. Kahawa iuzwe, ng'ombe atolewe, au mtaji wa duka uguswe ili apelekwe Dar es Salaam?

Katika kikao hicho kuna swali ambalo familia nyingi hazijui kwamba linaweza kuulizwa: mshipa huo umebana kiasi cha kuunyima moyo damu, au unaonekana tu umebana kwenye picha? Upo waya mwembamba wenye kihisi cha presha uliotengenezwa kujibu swali hilo.

Picha haisemi yote

Moyo ni msuli, nao hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Mafuta yakijijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, njia ya damu hubana. Ili kuona palipobana, daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena hadi kwenye mishipa ya moyo, kisha huingiza dawa inayoonekana kwa eksirei na kupiga picha.

Picha huonyesha umbo la mshipa. Kiasi cha damu kinachopita ni jambo jingine. Anayeishi kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia ataelewa haraka. Kipande cha barabara kikibanwa pale Mpemba, usiku wa manane unapita bila kuhisi lolote. Asubuhi malori yakianza kumiminika kuelekea mpakani, ndipo utajua kama pale ni pabaya kweli au malori yote yanapita.

Waya huo una unene wa takriban milimita 0.36, na kihisi chake kiko karibu na ncha. Daktari huupitisha ndani ya mshipa hadi ng'ambo ya palipobana. Mara nyingi mgonjwa hupewa dawa iitwayo adenosini, ambayo hutanua mishipa midogo ili damu ipite kwa wingi, kama malori ya asubuhi. Kisha presha ya ng'ambo hugawanywa kwa presha ya kabla ya kubana. Madaktari hukiita kipimo hiki FFR.

Hesabu yake ni rahisi. Kama presha ya kabla ni 100 na ya ng'ambo ni 90, jibu ni 0.90, na damu inapita vizuri. Kama ya ng'ambo ni 70, jibu ni 0.70, na moyo unanyimwa damu. Mstari unaotumiwa na madaktari ni 0.80. Jibu likiwa hapo au chini yake, kuuzibua mshipa huwa na maana. Likiwa juu yake, mara nyingi mgonjwa hutibiwa kwa dawa na kubadili mtindo wa maisha.

Stenti chache, matokeo bora

Kipimo hiki kilianza kujengwa miaka ya 1990 na madaktari Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao FAME, uliohusisha wagonjwa 1,005 katika hospitali 20 za Marekani na Ulaya. Wote walikuwa na zaidi ya mshipa mmoja uliobana. Kundi moja liliwekewa stenti kwa kufuata picha peke yake. Jingine lilipimwa kwanza kwa waya.

Waliopimwa kwa waya waliwekewa wastani wa stenti 1.9 kila mmoja, wakati wenzao waliwekewa 2.7. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki, waliopata shambulio la moyo au waliohitaji kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 13.2 kwa waliopimwa, na asilimia 18.3 kwa wasiopimwa.

Kwa familia, hilo ni jambo la pesa na la uhai. Stenti ni kijibomba cha nyavu za chuma kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Anayewekewa hulazimika kumeza dawa za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Stenti isiyohitajika ni gharama na hatari ambayo mzee angeweza kuepushwa.

Kibali kinasema nini

Waya wa aina hii husikika zaidi pale kampuni inapotangaza kupata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani. Mwaka 2015, kwa mfano, FDA iliuruhusu waya wa OptoWire wa kampuni ya Opsens ya Québec, Kanada, ambao hupima presha kwa kutumia mwanga unaopita kwenye uzi mwembamba wa kioo, kama ule wa mkongo wa intaneti. Septemba 2022 iliuruhusu waya mwingine wa kampuni hiyo, SavvyWire, lakini huo ni wa kazi nyingine: kusaidia kubadilisha valvu ya moyo bila kupasua kifua.

Kwa njia ya kibali inayotumika zaidi kwa vifaa vya namna hii, kampuni huonyesha kwamba kifaa chake ni salama na kinafanya kazi sawa na kingine ambacho tayari kiko sokoni kihalali. Kibali hutaja kazi mahsusi ya kifaa. Hakisemi kila mgonjwa anakihitaji.

Vilevile, kibali cha Marekani hakitoshi kukiingiza kifaa Tanzania. Hapa mwenye mamlaka ni TMDA, iliyochukua jina hilo mwaka 2019 badala ya TFDA. TMDA huvipanga vifaa tiba katika madaraja manne, A hadi D, kadiri hatari inavyoongezeka, na D ndilo daraja la juu.

Maswali ya kwenda nayo

Kutoka Tunduma, safari ya matibabu ya moyo kwa kawaida hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kisha hospitali zenye maabara ya kuchunguza mishipa ya moyo, kama Benjamin Mkapa ya Dodoma au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Kabla ya kusaini fomu, muulize daktari kwa heshima:

- Ni mishipa mingapi imebana, na kwa asilimia ngapi?
- Je, presha ndani ya mshipa imepimwa, au FFR inaweza kupimwa hapa?
- Kama haipimwi, ni kipimo gani kingine kinaonyesha moyo unakosa damu?
- Tukitumia dawa peke yake kwanza, hatari yake ni ipi?
- Bima italipia nini, na dawa za baada ya stenti zitagharimu kiasi gani kwa mwezi?

Daktari hatachukia maswali haya. Mshipa uliobana sana, kwa asilimia 90 au zaidi, mara nyingi hauhitaji hata waya kuthibitisha.

Maswali haya yana wakati wake. Mzee akibanwa kifua kwa ghafla, maumivu yakaenda kwenye mkono, taya au mgongo, akatoka jasho jembamba au akakosa pumzi, hiyo ni dharura. Mwahisheni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, kikao cha familia kifanyike baadaye.

Na kwa mzee ambaye bado hajaugua, mpelekeni zahanati apimwe presha mkononi na sukari. Akiandikiwa dawa za presha, asiziache kwa sababu tu anajisikia nafuu.