Kitumbua Kimeingia Mchanga: Maana na Matumizi

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe umewahi kusahihisha insha yenye sentensi kama hii: "Amu alipindua mkokoteni wa matofaa siku ya harusi." Iliandikwa na mwanafunzi wangu hapa Kitengela. Mikokoteni tunayo tele, ile ya punda inayobeba maji; wa matofaa niliutafuta aya nzima nisiuone. Kumbe alikuwa ametafsiri neno kwa neno nahau ya Kiingereza "to upset the apple cart", yaani kuvuruga ghafla jambo lililokuwa likienda vyema.

Kiswahili kina yake: kitumbua kimeingia mchanga. Wanafunzi wengi wa Kajiado wamezoea mandazi, kwa hivyo waeleze kwanza kwamba kitumbua ni kitafunio cha pwani kinachopikwa kwa mchele na tui la nazi. Kisha linganisha. Matofaa yakimwagika huokotwa, yakafutwa, yakauzwa. Kitumbua chenye mchanga hakioshwi. Kwa maoni yangu nahau yetu ni kali zaidi: yataka jambo lililokaribia kutiwa kinywani, kisha likaharibika. Mtu amenunua ploti, amechimba msingi, mara anatokea mwingine na hati ya ploti iyo hiyo. Hapo kitumbua kimeingia mchanga.

Mtahiniwa asiichanganye na "kumwaga unga", ambayo ni kupoteza kazi, wala "maji kuzidi unga", ambayo ni kulemewa. "Kwenda mrama" nako kwaweza kuchukua miaka.

Alama nyingi hupotea kwa mtendaji. "Kitumbua kimeingia mchanga" hakimtaji mkosaji. "Kumtilia mtu kitumbua chake mchanga" kunamtaja. Ukiulizwa katika Karatasi ya Tatu ueleze jinsi mhusika alivyoharibu mipango ya mwenzake, ukajibu kwamba kitumbua "kiliingia" mchanga, umemwondolea lawama yule uliyetakiwa kumchambua.

Jambo moja la kufurahisha: nahau zote mbili zimekuwa majina ya tamthilia. George Bernard Shaw aliiita yake The Apple Cart, ikaigizwa mara ya kwanza mwaka 1929. Said Ahmed Mohamed akaiita yake Kitumbua Kimeingia Mchanga. Shaw ametaja mkokoteni tu, tukabaki kungoja kama utapinduka. Kwa Said mchanga umekwisha kuingia. Kabla darasa halijafungua ukurasa wa kwanza, waulize wanafunzi: ni nani aliyeutia?