Kipanga Ana Nafasi Kiasi Gani? Hesabu ya Kuingia Harvard

Oktoba 2018, katika mahakama ya shirikisho mjini Boston, Chuo Kikuu cha Harvard kililazimika kuanika mambo ambayo kwa miaka mingi kilikuwa kimeyafungia ofisini. Kesi ilihusu rangi na asili ya waombaji. Ilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Juni 2023 ilivikataza vyuo kutumia rangi ya mtu katika kuchagua wanafunzi. Lakini kwa anayetaka kujua mlango ule unavyofunguka, hazina ilikuwa kwenye vielelezo vya kesi. Katika kundi lililoomba kuanza masomo mwaka 2015, waombaji wa ndani ya Marekani walikuwa kama 26,000. Zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa na wastani kamili wa alama za sekondari. Wapatao 3,500 walipata alama ya juu kabisa ya hisabati katika SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na 2,700 wakapata ya juu kabisa katika sehemu ya lugha. Viti vya mwaka wa kwanza vilikuwa kama 1,600, na humo humo walipaswa kupata nafasi wageni kutoka dunia nzima.

Zirudie tarakimu hizo polepole. Wenye wastani kamili peke yao wangeweza kukijaza chuo mara tano. Kwa hiyo mtoto tunayemwita kipanga, anayeongoza darasa tangu la kwanza na kurudi nyumbani na Division One ya pointi 3, akifika kwenye foleni ile anakuta kila aliyesimama mbele na nyuma yake ni kipanga. Alama zake zimemfikisha mlangoni. Kuanzia hapo hazina nguvu tena ya kumtenganisha na wenzake.

Sababu ni ya kipimo chenyewe. Mtihani wowote una kosa lake la upimaji: mwanafunzi yule yule akiufanya mara mbili, bila kusoma zaidi wala kusahau kitu, atapata alama zinazotofautiana kidogo. Kwa SAT, ambayo jumla yake ni 1600, tofauti ya pointi 30 au 40 juu au chini ni jambo la kawaida. Basi mwenye 1530 na mwenye 1560 huenda wana uwezo sawa kabisa. Ukiwa na maelfu ya watu waliorundikana kwenye ncha ya kipimo, kipimo hicho hakiwezi kukuambia nani amzidi nani, na maofisa wa udahili wanalijua hilo vizuri.

Wanachofanya ni kusoma faili zima. Ushahidi wa mahakamani ulionyesha kuwa Harvard humpa kila mwombaji daraja, 1 ikiwa ya juu kabisa, katika taaluma, shughuli za nje ya darasa, michezo na haiba. Daraja la 1 la taaluma hupewa wachache mno, wale ambao kazi zao tayari zinawashangaza maprofesa. Vipanga wengi huangukia kwenye 2, na kundi hilo ni kubwa sana. Hatimaye kamati ya watu wapatao 40 hukaa, faili husomwa, kura hupigwa, na mwombaji huhitaji wingi wa kura ili apite. Barua ya mwalimu inayosimulia jambo moja mahususi alilolifanya mwanafunzi huweza kuinua faili. Barua inayosema tu kwamba "ni mwenye bidii na nidhamu" huliacha lilipo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu walimu wetu wengi huandika barua ya aina hiyo ya pili, wala si kwa kukosa upendo. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba huko ng'ambo barua hiyo inasomwa neno kwa neno.

Kuna pia kundi lenye njia yake. Vielelezo vilevile vilionyesha kuwa wanamichezo walioalikwa na makocha, watoto wa waliowahi kusoma pale, watoto wa wafanyakazi wa chuo, na wale walio kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, walikuwa chini ya asilimia 5 ya waombaji lakini karibu asilimia 30 ya waliochaguliwa. Maana yake ni kwamba asilimia 95 waliobaki waligawana asilimia 70 ya nafasi. Chukua kiwango cha waliotarajiwa kuanza mwaka 2024: waombaji 54,008, waliokubaliwa 1,937, yaani takriban asilimia 3.6. Kama mgawo ule haujabadilika, mwombaji asiye na kocha, mzazi wala orodha yuko kwenye asilimia 2.6 hivi. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walipima jambo hili kwa upana zaidi, katika vyuo 12 vinavyosifika kuliko vyote. Waligundua kuwa mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri wa juu ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma humo kuliko wa familia ya kati mwenye alama zile zile.

Hata hivyo, asilimia inayotangazwa magazetini haipaswi kumtisha mtu kupita kiasi. Kwa walioanza mwaka 2020, Harvard ilipata maombi 40,248 na kukubali asilimia 4.9. Mwaka mmoja baadaye, janga la Uviko likiwa limefanya mitihani kuwa ya hiari, maombi yaliruka hadi 57,435 na kiwango kikashuka hadi asilimia 3.4. Viti havikupungua. Walioongezeka wengi ni watu ambao zamani wasingethubutu kutuma alama zao. Kwa mwombaji aliye imara, ushindani haukuongezeka kwa kiasi ambacho tarakimu hiyo inadokeza. Mwaka 2024 chuo kikatangaza kurudisha sharti la mitihani.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo nalikuta mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliosoma. Mchukue mwanafunzi anayeomba vyuo vinane vya aina hii, na tuseme mtu wa sifa zake ana nafasi ya asilimia 10 katika kila kimoja. Baba anajumlisha: nane mara kumi, themanini, mtoto ataingia tu. Mjomba aliyesoma takwimu anamsahihisha. Nafasi ya kukataliwa na chuo kimoja ni 0.9, ukiizidisha yenyewe mara nane unapata 0.43, basi nafasi ya kupokelewa angalau mahali pamoja ni asilimia 57. Hesabu ya mjomba ni safi, ila imejengwa juu ya dhana kwamba kila chuo kinaamua kana kwamba faili ni jipya. Faili si jipya. Insha ni ile ile, barua za walimu ni zile zile, na kilichomchosha msomaji wa kwanza kitamchosha wa pili.

Tufanye kwamba, kati ya wanafunzi wenye sifa zinazolingana na za kijana huyu, nusu wana insha na barua zinazowapa asilimia 20 kila chuo, na nusu nyingine hawana nafasi kabisa. Wastani bado ni asilimia 10. Walio katika nusu ya kwanza wana asilimia 83 ya kupata angalau chuo kimoja, wa nusu ya pili wana sifuri, na kwa kuwa kijana hawezi kujua yuko upande upi, nafasi yake ni asilimia 42 hivi. Yaani mwanafunzi hodari, aliyeomba vyuo vinane, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukataliwa kote kuliko kupokelewa hata mahali pamoja. Mtoto wa namna hiyo akikosa vyuo vyote vinane hajafeli kitu. Wazazi wanaomnunia mtoto baada ya barua za mwishoni mwa Machi wanamwadhibu kwa tukio ambalo hesabu ililitarajia.

Lakini ziko nafasi zinazopotea kabla hata ya kuomba, na hizi ndizo zinazoniuma zaidi. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kuwatumia barua wanafunzi hodari wa familia maskini wa jimbo hilo, kikiwaahidi kusoma bila ada kama wangekubaliwa. Wengi wao wangepata msaada huo hata bila barua. Susan Dynarski na wenzake walilinganisha waliopata barua na wasiopata: walioomba walipanda kutoka takriban robo hadi theluthi mbili, na waliojiunga wakaongezeka zaidi ya mara mbili. Uwezo wao na kipato cha nyumbani havikubadilika hata kidogo.

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, taarifa ya aina hiyo ina uzito wa kipekee. Vyuo vingi vya Marekani, vikiona mgeni anahitaji ufadhili mkubwa, humpunguzia nafasi. Vichache, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Dartmouth, huamua bila kutazama mfuko wa mzazi hata kwa wageni, kisha hulipia upungufu wote unaothibitishwa. Kenya kuna mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na John Manners na Mike Boit, mwanariadha aliyepata nishani ya Olimpiki. Huchukua wanafunzi wenye alama za juu kutoka familia zisizo na uwezo, huwafundisha SAT na namna ya kuandika insha, na umewaingiza wengi katika vyuo hivi.

Je, kukosa kunamgharimu nini kijana? Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, wengine wakaenda kwenye vile vyenye ushindani mkali na wengine kwingineko. Miaka mingi baadaye vipato vyao havikutofautiana sana, isipokuwa kwa waliotoka familia maskini: hao chuo kikali kiliwainua. Anayehitaji zaidi kuomba, basi, ni yule ambaye kwa kawaida haombi.

Kwa hiyo, ndugu mzazi na mwalimu, kaeni na kijana mapema. Orodha ya vyuo iwe na vichache vya ushindani mkali vyenye ufadhili kamili kwa wageni, kisha vingine ambavyo nafasi yake ni nzuri, pamoja na chuo kikuu cha nyumbani ambako atasoma kwa furaha. Ombeni msamaha wa ada ya maombi, maana vyuo hivi huutoa. Barua ya mwalimu isimulie tukio moja la kweli. Na yote yawe tayari kabla ya mwisho wa mwaka: tarehe ya mwisho ya vyuo vingi hivi ni Januari mosi au siku chache baadaye, wakati mwanafunzi wa Tanzania bado yuko miezi kadhaa kabla ya mtihani wa kidato cha sita.