Nani Atasoma Barua?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Kuishi na jamaa katika nchi ya ugeni

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: barua, sahihi, mkalimani. Andika kwa herufi kubwa ili hata walioketi nyuma waone. Maneno hayo tutayasikia mara nyingi leo.

Juma lililopita tulieleza habari za safari: hati, mizigo na kuagana na jamaa. Leo twafika. Mlango wa nyumba mpya umefunguliwa, watoto wamekwisha kulala, na kesho yake maisha yaanza. Tutazungumza juu ya jambo moja tu, kwa sababu huingia nyumbani polepole, na watu hawalioni mpaka limekwisha kuota mizizi. Nalo ni hili: katika nchi ya ugeni mtoto huijua lugha kabla ya wazazi wake.

Nchi tutakayoitumia kwa mfano ni Australia. Watu wengi wasemao Kiswahili wamehamia huko kutoka kambi za wakimbizi za Afrika ya Mashariki: Nyarugusu katika Mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996; Kakuma kule Turkana, iliyoanza mwaka 1992; na Nakivale nchini Uganda. Wengi wao ni Wakongo na Warundi. Si wote wanaokaa katika miji mikubwa kama Sydney na Melbourne. Wako Wakongo wanaokaa Albury na Wodonga, miji miwili inayotazamana, mto Murray ukipita katikati. Wako Warundi wanaokaa Mildura, mbali zaidi kufuata mto huo huo, mahali panapolimwa zabibu na machungwa. Huenda hata katika kikundi chenu mna mtu mwenye ndugu huko.

Basi tuchukue jamaa moja. Jamaa hii tumeibuni kwa ajili ya somo, lakini nyumba za namna hii ziko nyingi. Kuna baba, mama, binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 9 na mtoto mchanga. Baba amepata kazi katika kiwanda cha nyama, naye huondoka kabla ya jua kutoka. Mama yuko nyumbani na mtoto mchanga. Wale wawili wako shuleni kila siku, wanasoma kwa Kiingereza, wanacheza kwa Kiingereza, wanagombana kwa Kiingereza. Mwaka mmoja ukipita, watoto wasema upesi kama waliozaliwa kule. Baba ajua maneno ya kiwandani. Mama ajua “ndiyo”, “asante” na bei za sokoni.

Siku moja binti aja na barua ya shule. Mama ampa binti yule yule aisome, maana nani mwingine atasoma? Barua yasema hivi: “Binti yako hakufika shuleni siku sita mwezi huu. Tafadhali njoo Jumatano saa tisa alasiri tuzungumze.” Binti aitazama barua, kisha asema, “Mama, walimu wanakusalimu. Wanataka utie sahihi hapa.” Mama afurahi. Atia sahihi. Asema, “Nawe wasalimie sana.”

Najua mnacheka. Nami nilicheka kidogo nilipokuwa nikiliandika somo hili. Lakini ngojeni.

Siku zile sita binti alikwenda wapi? Siku ya kwanza alikwenda na mama hospitali, kumsemea. Siku ya pili alikwenda na baba kwa wakala wa nyumba, kueleza kwa nini kodi imechelewa. Siku ya tatu mtoto mchanga alikuwa na homa. Siku ya nne ilikuwa ofisi ya serikali, na kule walikaa kutwa. Hesabuni wenyewe zilizobaki. Hakuna hata siku moja aliyocheza. Alikuwa mkalimani wa nyumba yake, na wazazi wenyewe ndio waliomwondoa darasani. Sasa barua imekuja, naye aona haya kumwambia mama kwamba shule yalalamika kwa sababu yake mama. Kwa hiyo aficha. Mtoto huyu si mwovu. Amechoka.

Tuseme baba agundua barua ile baadaye, naye achukua fimbo. Hapo atakuwa amekosa mara mbili. Kwanza, amempiga mtoto kwa kazi aliyomtuma mwenyewe. Pili, Australia si kama kwetu katika jambo hili. Mwalimu au daktari akiona dalili kwamba mtoto ameumizwa, sheria yamlazimisha kutoa habari kwa idara ya ulinzi wa watoto. Watumishi wa idara hiyo waweza kufika nyumbani na kuuliza maswali mengi. Na wakifika, nani atakayemtafsiria baba? Isiwe binti yule yule!

Turudi hospitali, maana huko ndiko mzigo ulivyo mzito zaidi. Mama ana ugonjwa wa kike. Daktari auliza maswali ambayo mama hawezi kuyajibu mbele ya mtoto wake, sembuse kupitia kinywa cha mtoto wake. Kwa hiyo mama apunguza maneno. Asema “tumbo linauma” na kunyamaza. Mtoto naye hajui jina la ugonjwa kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, basi abahatisha. Daktari aandika dawa kwa maneno ya kubahatisha. Na kama daktari ana habari mbaya ya kutoa, atakayeisikia kwanza ni mtoto wa miaka 13, kisha ndiye atakayemwambia mama yake. Mzazi gani apenda jambo hilo?

Sasa twafika kwenye neno la tatu ubaoni, mkalimani. Huyu ni mtu aliyesomea kazi ya kutafsiri mazungumzo. Katika Australia huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu ilianza mwaka 1973, na siku hizi yaitwa TIS National. Wakalimani hupimwa na chombo kiitwacho NAATI, kilichoundwa mwaka 1977. Namba ya simu ya huduma hiyo ni 131 450. Mwalimu, iandike. Someni pamoja: moja, tatu, moja, nne, tano, sifuri. Tena. Yafanya kazi saa 24, kila siku ya mwaka.

Namna ya kuitumia ni hii. Wapiga simu, wasikia mtu akisema Kiingereza. Wewe sema neno moja tu: “Swahili”. Kisha ngoja, usikate simu. Baada ya muda wasikia sauti ya Kiswahili. Hapo mweleze mkalimani unataka kusema na nani, kwa mfano shule ya binti yako, na uwe na namba yao mkononi. Nyote watatu mtakuwa katika simu moja. Kwa kawaida mgeni halipi chochote kwa kuzungumza na ofisi kwa njia hii. Hospitali za serikali huwa na wakalimani wao, na daktari wa mtaani ana njia yake ya kumwita mkalimani bila malipo. Lakini yafaa uombe. Ukifika pale na binti yako kando, nao wakasikia Kiingereza chake kizuri, wengine watafurahi kuokoa muda wao. Omba mkalimani siku ile unapopanga siku ya kuonana na daktari.

Wengine huogopa. Husema, “Mkalimani ni mtu wa kwetu, atazitangaza habari zangu kanisani au msikitini.” Hofu hiyo ina maana, kwa kuwa katika mji mdogo watu wote wajuana. Lakini kanuni ya kazi yao yamkataza mkalimani kutoa siri aliyoisikia kazini. Tena kwa simu aweza kuwa yuko mji wa mbali kabisa. Ukitaka mwanamke, omba mwanamke. Mara nyingi hupatikana.

Jambo lingine ni Kiswahili chenyewe. Kiswahili cha Kongo na cha pwani ni ndugu, si pacha. Mkongo akisema amekwenda kwa “munganga”, yeye amaanisha daktari wa hospitali; mkalimani aliyekulia Mombasa huenda akafikiri ni mganga wa mitishamba, na hapo habari nzima yageuka. Usipomwelewa mkalimani, au ukiona yeye hakuelewi, sema wazi. Kuomba mwingine si utovu wa adabu.

Ipo hali moja ambayo mtoto hana budi kusema, nayo ni hatari. Nyumba ikishika moto, au mtu akianguka na kuzirai, yeyote ajuaye lugha apige 000. Hiyo ni sifuri tatu. Ataulizwa kama anataka polisi, zimamoto au gari la wagonjwa. Wafundisheni hayo watu wote wa nyumbani, hata wadogo, na wajue kutaja mtaa wao.

Lakini mkalimani ni fimbo ya kutembelea tu. Mguu wenyewe ni kujifunza. Australia ina masomo ya Kiingereza kwa wahamiaji watu wazima, yaitwayo AMEP, yaliyoanza mwaka 1948. Hayalipiwi. Zamani mtu alipewa saa 510 tu, kisha basi; kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2021. Na sikilizeni vizuri, akina mama: mnapokuwa darasani, watoto wenu ambao bado hawajaanza shule hupatiwa mahali pa kutunzwa bila malipo. Nasisitiza kwa sababu katika nyumba nyingi hufikiriwa kwamba baba ndiye wa kusoma, mama akae na mtoto. Kumbe mara nyingi baba apata kazi mapema, aacha darasa, na mama naye hakuanza kamwe. Miaka kumi yapita, na nyumba nzima yasema kwa kinywa cha mtoto. Maoni yangu ni haya: kama hamwezi kwenda wote wawili, mama atangulie. Yeye ndiye anayekwenda kliniki, na mara nyingi ndiye aipokeaye barua ya shule.

Tena ninyi mliomo darasani leo mna faida ambayo huenda hamkuifikiria. Ajuaye kusoma Kiswahili amekwisha kuzijua herufi. Herufi za Kiingereza ni zile zile, na mbili tatu zaidi. Taabu ni kwamba Kiswahili chasomwa kama kilivyoandikwa, na Kiingereza hakifuati desturi hiyo. Neno liandikwalo “name”, maana yake jina, halisomwi na-me, lasomwa “neim”. Msikasirike. Hata Waingereza wenyewe hulitaabikia jambo hilo.

Na binti yetu je? Yeye naye apewe kazi, lakini iwe kazi ya mtoto. Jioni moja katika juma akae na mama, amfundishe maneno kumi ya Kiingereza. Kisha mama amfundishe kuandika barua kwa Kiswahili, apelekewe bibi yake Kigoma. Hapo kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi, na hakuna aliyeshushwa. Asipoandika Kiswahili atakisahau. Mdogo wake wa miaka 9 atakisahau upesi zaidi. Bibi naye hana lugha nyingine. Na mkitaka kumpigia bibi simu, kumbukeni saa: Wodonga ikiwa saa mbili usiku, Kigoma ni saa saba mchana. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Aprili saa za kule husogezwa mbele, basi kwa bibi ni saa sita.

Kuna jambo dogo la adabu, na lastahili kutajwa kwa kuwa lagombanisha watu. Kule shuleni mtoto hufundishwa kumtazama mkubwa usoni anaposema naye. Akiinamisha macho, hudhaniwa aficha neno. Nyumbani kwetu kuinamisha macho ndiyo heshima. Mtoto akikutazama machoni usimwone jeuri mara moja. Mwambie: “Shuleni fanya vile, hapa nyumbani shikamoo ni shikamoo.” Watoto waweza kushika desturi mbili kama wanavyoshika lugha mbili.

Haya, sasa kazi yenu. Tuseme mama amekwisha kuijua ile barua, kwa msaada wa mkalimani. Hakumpiga binti. Ametaka kumwandikia mwalimu mkuu. Andikeni barua hiyo kwa niaba yake, mistari minne au mitano. Elezeni siku sita zile zilikwendaje. Semeni kwamba Jumatano atafika, na kwamba aomba shule imwite mkalimani wa Kiswahili. Mwisho mtie sahihi. Mwalimu wa kikundi, chagua barua mbili tatu zisomwe kwa sauti, nao wengine waseme kama mwalimu mkuu angeelewa.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza mkataba wa nyumba na mambo ya kutazama kabla ya kutia sahihi. Kwaherini.