Tukimlinda nesi, tumejilinda

Wengi wetu tuna ndugu Kampala, na mara nyingine mgonjwa akizidiwa anapelekwa mpaka Mulago. Kwa hiyo habari hii inatuhusu.

Korona ilithibitishwa Uganda tarehe 21 Machi 2020. Chanjo ilipoanza, tarehe 10 Machi 2021, manesi na madokta walikuwa kati ya wale wa kwanza. Kwa nini wao? Kwa sababu siku nzima wanainama karibu na mdomo wa mgonjwa, na korona inapita kwa pumzi. Nesi akiambukizwa, anaweza kuwapa wagonjwa wengine, hata watoto wake nyumbani.

Sisi walimu tunasikia wazazi wakiambiana: “Usitaje kikohozi, watatutenga.” Jamani, tusifanye hivyo! Ukifika mlangoni, sema ukweli kabla hujaguswa. Vaa maski, kohoa ndani ya kiwiko, nawa mikono kwa sabuni. Anayemuuguza mgonjwa awe mmoja, si ukoo mzima.

Nesi naye ni mtu, hana mwili wa chuma. Akibaki mzima leo, kesho atampokea mtoto wako.