Sura ya 5: Kima Punju na Makaa Yake

Wageni wanaoingia Jozani wakitarajia mbuga ya simba hutoka wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Hifadhi hii ya Unguja, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, ina kilomita za mraba zipatazo 50 tu. Humo mna mazingira matatu yasiyofanana hata kidogo: msitu wa bondeni wenye mitondoo, ambako maji yako karibu na uso wa ardhi, vichaka vya maweni, vilivyoota juu ya mwamba wa matumbawe, na mikoko.

Maweni ni maficho ya paa nunga, swala mdogo aliye adimu duniani. Kima punju, anayepatikana Zanzibar pekee kwa asili, hutumia yote matatu, kisha huingia mashambani. Huko ndiko alikozushiwa.

Imesemwa miaka na miaka kwamba ana sumu, na mti alioula hufa. Ni uzushi mtupu. Mwaka 1999 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha hesabu za minazi jirani na Jozani: palipoliwa vidaka vingi, mavuno hayakupungua, bali yalikuwa makubwa zaidi. Mnazi hupukutisha vidaka vingi wenyewe, na huenda kima huupunguzia mzigo tu.

Mwenye kushughulika na sumu ni kima mwenyewe. Majani ya mwembe na mkungu yana protini nyingi, lakini yana pia fenoli, kemikali zinazozuia mmeng'enyo. Kwa hiyo kima hula makaa: huyaokota kwenye matanuri, majikoni na kwenye visiki vilivyoungua. Makaa hunasa fenoli na kuiacha protini. Watoto huonekana kujifunza kwa mama zao.

Tumbo lake lina vyumba, na bakteria ndio wanaochachusha majani humo. Sukari ya matunda mabivu huvuruga kazi hiyo, ndiyo maana huchagua matunda mabichi. Anayempa ndizi mbivu ili apate picha ya kurusha mtandaoni anamdhuru, na akimsogelea anaweza kumwambukiza mafua.

Hatari nyingine ni barabara inayokatiza hifadhi. Matuta yaliyowekwa hapo yalipunguza idadi ya kima wanaogongwa. Dereva anayeyakuta apunguze mwendo mapema, kwani kundi likivuka, huenda wengine wakawa bado nyuma.