Asili ya Neno "Irabu" na Matumizi Yake Darasani

Mwanachuo apelekwaye Kisiba, wilayani Rungwe, kufanya mazoezi ya kufundisha hulitamka neno irabu mara nyingi kwa siku, pengine asijiulize limetoka wapi. Asili yake ni Kiarabu. Huko maana yake ya kwanza ni kubainisha; katika sarufi ni mabadiliko ya mwisho wa neno yaonyeshayo kazi yake katika sentensi, na aghalabu mabadiliko hayo ni sauti u, a au i. Waswahili, ambao kwa karne kadhaa waliandika lugha yao kwa hati za Kiarabu, walilitumia kwa alama ndogo zitiwazo juu au chini ya herufi. Leo ni jina la a, e, i, o, u.

Alama zenyewe zilikuwa tatu tu, ilhali sauti zetu ni tano. Kuku na koko, yakiandikwa bila nyongeza yoyote, yalifanana kabisa. Msomaji alitegemea maana ya sentensi.

Kisiba mambo ni kinyume. Kinyakyusa kina irabu saba, tena fupi na ndefu. Basi mtoto anayesita kati ya i na e si mzito wa kusikia: katika lugha ya kwao, kati ya hizo mbili ipo ya tatu, na vivyo hivyo kati ya u na o. Twamwonea tukimkemea. Tumsikilizishe kwanza jozi kama pita na peta, ayatofautishe kwa sikio na kwa kinywa, ndipo tushike chaki.