Mtoto Aliyeitwa Ntulanalwo

Ukishuka melini Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, Kikerewe hakikupokei. Bodaboda wanakuita kwa Kiswahili, mama wa machungwa anataja bei kwa Kiswahili, na mwaloni, ambako Mkerewe, Mjita, Mkara na Msukuma wanapakia magunia ya dagaa bega kwa bega, hakuna anayetafuta lugha nyingine. Wilaya ya Ukerewe ilikuwa na watu zaidi ya 345,000 katika sensa ya 2012, na wengi wao si Wakerewe. Ukitaka kukisikia Kikerewe, ingia ndani: kwenye kikao cha ukoo, kwenye maongezi ya mahari, msibani wazee wanapoanza kutaja nani alimzaa nani. Kipo pia kwenye majina, na hapo ndipo sarufi na mila zinaposhikana hasa.

Chukua jina Ntulanalwo. Kwa Mswahili linasikika kama jina tu, lakini kwa Mkerewe ni sentensi nzima: niko nacho siku zote. Nacho nini? Kifo. Kifo chenyewe hakitajwi. Kimefichwa katika ile *-lwo* ya mwishoni, ambayo ni upatanisho wa ngeli ya neno la kifo, na kila anayemwita mtoto huyo anakitaja bila kukitamka. Dada yake anaitwa Bulihwali, na lake ni swali: majonzi yataisha lini? Wazazi waliozika watoto, au waliokaa miaka mingi bila kupata mtoto, walisema kwa jina yale ambayo adabu iliwazuia kuyalalamikia hadharani. Pwani nako kuna akina Mashaka na Shida, lakini hayo ni nomino tu. Mkerewe anampa mtoto kitenzi chenye nafsi na upatanisho wake, kisha anamwacha mtu atembee nacho maisha yote.

Ndugu hawa wawili ni wa kitabuni. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaotafuta mtoto huku maneno ya ndugu wa mume yakitishia kuivunja nyumba. Wakwe wanamchukua binti yao. Myombekere, badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa, anakwenda kuomba radhi na kutozwa pombe ya ndizi. Ukisoma jinsi pombe hiyo inavyotayarishwa, mganga anavyofuatwa na mgeni anavyokaribishwa, unaona nia ya mwandishi: mila zisipotee wenyewe wakifa. Kwa maoni yangu kurasa za pombe zinashinda kurasa za mapenzi.

Mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe hakupatikana. Kitereza akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mzee alifariki 1981 bila kukishika mkononi. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye Mkerewe na mwandishi wa riwaya, alitoa tafsiri ya Kiingereza akianzia kwenye Kikerewe chenyewe.

Kiswahili cha Kitereza ni kizuri, lakini kuna vitu ambavyo Kiswahili hakina pa kuviweka. Kikerewe hutofautisha kwa umbo la kitenzi jambo la leo, la jana na la zamani. Sisi tuna *-li-* moja kwa yote, tukiongeza "juzi" au "enzi zile" panapobidi. Mzee anayeeleza ugomvi wa mume na mke mbele ya ukoo hawezi kukwepa: kitenzi chake kimeshasema kama kosa ni la leo au la zamani. Urefu wa irabu nao una kazi. Huweza kutofautisha neno na neno, na toni huongeza tofauti ambazo maandishi ya kawaida hayazionyeshi.

Hadhi ya Kikerewe kiserikali ni fupi kuieleza. Shule ni Kiswahili na Kiingereza, redio vilevile. Sera ya Utamaduni ya 1997 inahimiza lugha za jamii zitafitiwe, ziandikiwe kamusi na sarufi, ila haizipi darasa. Kwa kulinganisha, kule kaskazini mwa Ulaya, Kisami cha Inari nchini Ufini kina wasemaji mia chache tu, na bado sheria iliyoanza kutumika 1992 ilikipa haki mbele ya ofisi za serikali. Tangu 1997 watoto wadogo wanalelewa katika vituo ambamo walezi huongea Kisami peke yake. Sidhani tunahitaji sheria ya namna hiyo. Kiswahili kilituunganisha, na mwaloni Nansio pangekuwa na kelele zisizoelewana bila hicho. Lakini kituo cha watoto cha asubuhi, bibi wawili wanaosimulia na mkeka wa kukalia, havihitaji idhini ya Bunge. Wala toleo la Kitereza lenye Kikerewe kushoto na Kiswahili kulia, ambalo mwanafunzi wa Kagunguli, hukohuko Ukerewe, angeweza kulisomea nyumbani na babu akimsahihisha irabu.